Picha za Njia ya Ngorongoro na Majina Yasiyoandikwa

Na Katibu wa Chama

Wanachama wapenzi, katika kurasa hizi tumezoea kuandika khabari za bei, za magunia, za miche mipya na za majamvi ya kuanikia. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuandike khabari ya picha. Msidhani kwamba tumeacha kazi ya Chama tukashika mchezo. Msomaji atakayefika mwisho ataona kuwa khabari hii yatuhusu sisi wenye mikarafuu, tena iko kazi ndogo tutakayomwomba kila mmoja wenu aifanye nyumbani kwake.

Baada ya msimu uliopita wajumbe watano wa Chama, nasi tukiwamo, tulisafiri kwenda Rhotia, katika Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha. Tulikwenda kutazama jinsi wakulima wa huko wanavyozuia udongo usichukuliwe na mvua katika miteremko, na jinsi wanavyokusanya mazao yao mahali pamoja kabla ya kuyauza. Khabari za makinga maji na ghala tumezieleza katika taarifa tuliyoisoma mkutanoni, na nakala yake iko ofisini kwa anayeitaka. Haya tunayoandika leo hayakuwamo katika ratiba. Yalitukuta njiani.

Rhotia iko kando ya barabara ya lami iendayo Ngorongoro. Ukitoka Mto wa Mbu unapanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara linabaki chini mkono wa kushoto, kisha unatokea juu kwenye nchi ya vilima na udongo mwekundu. Wenyeji wengi ni Wairaqw, watu wa ngano, mahindi, maharage na mbaazi, na wakulima hodari kweli kweli. Baridi yake si ya kusimuliwa. Mjumbe wetu mmoja, ambaye hapa kwetu hulala kifua wazi, alilala na koti, kofia na soksi, na asubuhi akauliza kama jua la huko huchomoza kila siku.

Mzee aliyetukaribisha alikuwa na kalenda ukutani, yenye picha kubwa ya kreta ya Ngorongoro, yaani lile shimo kubwa la volkano ya kale, na nyumbu wametapakaa chini kama punje za mtama. Tukaisifu. Mzee akaitazama kama mtu anayemtazama jirani aliyemzoea, akasema: "Ni nzuri. Lakini imepigwa kama kwamba huku hajapata kuishi mtu."

Neno hilo lilitukaa moyoni. Kesho yake tulikwenda Ngorongoro kutembea, na kila tulipofika tulikuta khabari ya picha mashuhuri iliyopigwa pale pale ikaenea duniani. Tuliporudi tuliendelea kusoma na kuuliza. Haya ndiyo tuliyoyapata, na twayaandika kwa kufuata njia, kama mtu aliyekaa garini.

NDEGE YENYE MILIA

Ukiisha kuingia lango la hifadhi na kupanda msituni, unafika ukingoni mwa kreta, na kando ya barabara pana kaburi lililojengwa kwa mawe. Wamelala hapo baba na mwanawe. Mwana ni Michael Grzimek, aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na umri wa miaka 24. Baba ni Profesa Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Yeye alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa yazikwe karibu na mtoto wake.

Watu hawa wawili walikuwa wamekwisha kupiga filamu moja ya wanyama wa Afrika, nayo iliwapatia fedha nyingi. Wakataka kuzitoa fedha hizo ili inunuliwe ardhi ya kuongeza hifadhi. Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa mbuga za taifa za Tanganyika, akawashauri vingine: lenye faida zaidi ni kujua wanyama ni wangapi na wanahamia wapi, kwani wakati ule Serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kubadilisha mipaka ya Serengeti bila ya mtu kujua njia za nyumbu. Basi baba na mwana wakajifunza kurusha ndege, wakanunua ndege ndogo, wakaipaka milia kama ya punda milia, wakairusha kutoka Ujerumani mpaka Tanganyika. Mwaka 1958 wakaanza kuhesabu wanyama kutoka angani. Hesabu yao ilifika wanyama wakubwa 366,980. Hesabu za miaka ya baadaye zilikuwa kubwa kuliko hiyo, lakini mtu wa kwanza kufagia njia hasemwi kwa majani yaliyosalia.

Pamoja na kuhesabu walikuwa wakipiga filamu, na Michael ndiye aliyeshika kamera. Siku ile ya Januari alikuwa peke yake katika ndege, akagongana na tumbusi angani, ndege ikaanguka. Baba akamzika ukingoni mwa kreta, kisha akaimaliza filamu. Katika kuimaliza alisaidiwa na kijana wa Kenya, Alan Root, ambaye baadaye mwenyewe alikuwa mpiga filamu mkubwa wa wanyama. Filamu hiyo, iliyosema kwamba Serengeti haitakufa, ilitoka mwaka ule ule wa 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Watu waliokuwa hawajui Tanganyika iko upande gani wa ramani wakaijua Serengeti kwa jina.

Hapana shaka kwamba filamu ile ilifanya kazi kubwa. Fedha zilikuja, watalii walikuja, na wanyama wale wapo mpaka leo. Sisi tuliosimama kwenye kaburi lile tulimwombea mzazi yule rehema, kwani kumzika mtoto kisha ukarudi kazini kesho yake si jambo jepesi.

Walakini tukalikumbuka neno la mzee wa Rhotia. Profesa Grzimek alishika rai kwamba mbuga ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wawe wenyeji, na kamera yake ilitazama hivyo hivyo. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia alama zao katika mkataba wa kuihama Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, iwe mahali ambapo wafugaji na wanyama watakaa pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta wakatolewa. Mwaka 2022 familia zikaanza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Khabari hii ni ndefu, ina maneno mengi pande zote, na si kazi ya chama cha karafuu kuihukumu. Tunalosema ni moja tu: mtu aliyeko mbali aliyeona picha peke yake hakupata hata kujua kwamba pana la kuuliza. Picha ilikwisha kumwambia kuwa nchi ni tupu. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika picha, hata aliyekuwapo akiachwa nje, lake pia halipo.

KUMNGOJA MPIGA PICHA

Ukishuka upande wa pili wa milima ya kreta unafika korongo ambalo dunia yote yaliita Olduvai. Wamaasai walipataja Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini uliojaa pale, na wageni wa kwanza wakasikia vibaya wakaandika vibaya. Kosa la sikio la mtu mmoja limeingia katika vitabu vya dunia nzima, na kulisahihisha kumechukua miaka mingi. Wenye kuandika hati za mashamba hapa kwetu watatuelewa.

Katika korongo hili Dk. Louis Leakey na mkewe Bibi Mary Leakey walitafuta mabaki ya watu wa kale kwa miaka mingi. Mwezi Julai 1959 walikuwa tayari kuchimba, lakini hawakuchimba. Walikuwa wanamngoja mpiga picha. Des Bartlett, mtu wa filamu, alikuwa ameahidi kuja ili kazi ipigwe picha tangu jembe la kwanza, nao hawakutaka kuanza bila yeye. Tarehe 17 Julai Bwana Leakey alikuwa na homa, amelala kambini. Bibi Leakey, badala ya kukaa bure, akatoka kutembea na mbwa wake, macho yake chini. Akaona mfupa umetokeza udongoni, na meno mawili makubwa. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale aliyepewa jina la Zinjanthropus, kwa jina la nchi ya Zinj, yaani pwani yetu hii katika vitabu vya Waarabu. Umri wake ni karibu miaka 1,750,000. Bartlett alipofika akayakuta makubwa kuliko aliyoitiwa, na kwa sababu yeye alisubiriwa, dunia iliweza kuona fuvu lile likitolewa ardhini. Sasa limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Tumezoea kusema kuwa mpiga picha huja baada ya jambo kutokea. Hapa, lau si kumngoja yeye, pengine Bibi Leakey siku ile angalikuwa shimoni mahali pengine anasimamia wachimbaji, na mvua ya mwaka uliofuata ingalilivunja fuvu lile bila ya mtu kujua.

NYAYO ZILIZOFUNIKWA

Kusini ya hapo, mwendo wa gari usiokuwa mwepesi, pana Laetoli. Sisi hatukufika, na hata tungalifika tusingaliona kitu, kwani kitu chenyewe kimefukiwa makusudi. Ndiyo sababu picha yake ina thamani kuliko picha nyingine zote za njia hii.

Zamani sana, miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita, mlima wa moto ulimwaga jivu, mvua kidogo ikalinyeshea, viumbe wakapita juu yake, kisha likakauka likawa kama saruji. Katika mwaka 1978 mwanasayansi mmoja wa kikundi cha Bibi Leakey, Paul Abell, aliona alama iliyofanana na kisigino. Wengine walitia shaka. Bibi Leakey akamtuma mmoja wa wafanyakazi wake, Ndibo Mbuika, aende akachimbe pale. Ndibo akarudi na khabari kwamba unyayo si mmoja, ni miwili, na mmoja mkubwa sana. Wakaendelea kufukua, zikatokea nyayo kiasi cha 70 katika njia ya mita kama 27. Walipita watu wa kale wenye kutembea kwa miguu miwili kama sisi: mdogo upande mmoja, mkubwa upande wa pili, na mwingine nyuma akikanyaga mlemle alimokanyaga yule mkubwa. Anayewafuata wenziwe kwenye tope hapa kwetu hufanya vivyo hivyo.

Mpiga picha aliyezipiga nyayo hizo ni John Reader, Mwingereza. Kupiga picha ya unyayo ni kazi ngumu kuliko kupiga picha ya simba. Simba ana rangi yake na jivu lina rangi yake, lakini unyayo na jivu ni rangi moja, na kinachouonyesha ni kivuli tu. Jua likiwa utosini huoni kitu. Likiwa chini, asubuhi au jioni, kila kidole huonekana. Kwa picha zake watu wa dunia nzima waliona safari ile ya watu wawili watatu, wakatambua mara moja bila ya kuelezwa na mtaalamu.

Nyayo zilifunikwa kwa mchanga mwaka 1979 ili zisiharibiwe na mvua na mifugo. Kumbe katika ule mchanga mlikuwa na mbegu za migunga, ikaota, ikaanza kutia mizizi. Mwaka 1995 na 1996 wataalamu wakazifunua, wakaiondoa mizizi, wakazipima upya, wakazifunika tena kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2015 zikaonekana nyayo nyingine jirani na pale, na miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo walikuwa Watanzania, Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki. Majina yao yaliandikwa katika taarifa ya mwaka 2016 iliyosomwa duniani kote. Twalitaja jambo hili kwa furaha, kwani jina la Ndibo Mbuika mpaka uende ukalitafute. Jina la aliyepiga picha limo chini ya picha. Jina la aliyeishika sururu limo ndani ya kitabu, ukurasa wa katikati.

SOKWE MWENYE JINA

Picha ya nne haikupigwa katika njia hii. Ilipigwa Gombe, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Twaitia hapa kwa sababu aliyeipiga, Hugo van Lawick, aliishi miaka mingi katika mahema huko Ndutu, mbele ya Oldupai, mahali nyumbu wanapozalia. Alikuwa Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937. Alikuja Afrika kufanya kazi ya filamu, na mwaka 1962 gazeti la National Geographic la Marekani likampeleka Gombe kumpiga picha Bibi Jane Goodall, aliyekuwa akiwachungua sokwe tangu 1960.

Kazi ile ilimalizikia kwenye ndoa. Walioana mwaka 1964, wakapata mtoto wa kiume, wakaachana mwaka 1974. Katika miaka ya kati walikuwa wakija kukaa Ngorongoro na Serengeti, wakafuata nyendo za fisi, mbweha na mbwa mwitu, wanyama ambao hakuna aliyekuwa na neno jema juu yao. Van Lawick alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, na Bibi Goodall mwaka 2025.

Picha yenyewe wengi wenu mmeiona, ingawa hamkujua ya nani. Bibi Goodall amechutama, amenyosha mkono. Mbele yake pana mtoto wa sokwe, naye amenyosha wake, na baina ya vidole vyao pamebaki nafasi ndogo. Hakuna simba anayerarua, hakuna ndege inayoanguka. Ni mikono miwili tu, na imekwenda nchi zote za dunia.

Mtoto yule wa sokwe ana jina. Aliitwa Flint. Mama yake aliitwa Flo, na Flo alipokufa mwaka 1972 gazeti la Sunday Times la London liliandika tanzia yake kama inavyoandikwa ya mtu mkubwa. Bibi Goodall alisisitiza majina haya wakati wataalamu wenziwe walipotaka sokwe wapewe nambari. Alikuwa na haki. Ukimpa kiumbe jina, huwezi tena kumtazama kama jiwe.

Basi tukawaza. Bibi Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 hakuweza kupanda vilima vile peke yake. Miongoni mwa waliomwongoza alikuwa Rashidi Kikwale, mtu wa huko, na mpishi wao alikuwa Dominic Bandora. Bibi mwenyewe aliwataja katika maandishi yake, wala hakuwadharau. Lakini piteni njiani muulize: wangapi wanamjua Flo, na wangapi wanamjua Rashidi? Sokwe ana tanzia London. Mtu aliyeonyesha njia ya kumfikia sokwe hana hata picha ya kubandikwa ukutani.

BIBI WA KWENYE PAKITI

Sasa turudi nyumbani, kwani tusipojitazama wenyewe tutakuwa kama yule anayeona kibanzi katika jicho la mwenziwe.

Visiwa vyetu ni vikongwe katika mambo ya picha. Katika karne ya 19 A. C. Gomes alikuwa na duka lake la kupigia picha Mjini Unguja, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambako wengi katika wazee wenu walipigwa picha za harusi na za paspoti. Kadi za posta za zamani zenye wachumaji wa karafuu zinauzwa kwa fedha nyingi siku hizi kwa wapendao vitu vya kale. Tumezitazama kadi za namna hiyo. Mtu yuko juu ya mkarafuu, au wanawake wamekaa juu ya jamvi wanachambua, na chini imeandikwa kwamba ni wachumaji wa karafuu, Zanzibar. Basi. Ni babu na bibi za watu wenye majina, makonde na wajukuu, na wajukuu wao pengine ni nyinyi mnaosoma.

Na msiseme kuwa hayo ni ya wakoloni. Misimu michache iliyopita alikuja mgeni na kamera, akataka kupiga picha za mavuno. Sisi wenyewe ndio tuliomtembeza. Katika sakafu ya kuanikia ya mmoja wetu alikuwapo bibi mmoja mzee, mjuzi wa kuchambua, ambaye akitia mkono katika lundo alikwambia karafuu imekaa jua la siku ngapi. Mgeni akampiga picha nyingi. Tukanywa chai, akaenda zake. Baada ya muda tukamwona bibi yetu dukani, mjini, juu ya pakiti ya viungo, anacheka, na karafuu zimemjaa viganjani. Tukampelekea pakiti. Akaigeuza huku na huku, akasema: "Uso wangu, na jina la duka." Tukacheka sote.

Mwaka uliofuata akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watoto wake wakaja ofisini kutuuliza kama Chama kina picha ya mama yao, kwani nyumbani hawana hata moja. Tukafungua kabati. Tulikuwa na picha za mawaziri waliotutembelea, picha za magunia, picha za lori jipya. Yake hatukuwa nayo. Watoto wakenda dukani wakanunua pakiti ya viungo, wakaikata kwa mkasi, wakaitia katika fremu.

Hatumlaumu mgeni, wala duka. Mgeni aliomba ruhusa akapewa. Aliyesimama karibu na kamera siku ile akajali kumimina chai asijali kuandika jina ni sisi. Tungalimwambia mgeni, "Huyu ni fulani binti fulani, wa mahali fulani, na tafadhali tuletee nakala moja," tusingalishindwa chochote. Hatukusema, kwa kuwa tulimjua, na mtu unayemjua hudhani kuwa jina lake haliwezi kupotea.

KAZI TUNAYOWAOMBA

Siku ya kuondoka Rhotia wenyeji wetu walitaka tupige picha ya pamoja mbele ya ghala. Baada ya kupiga tukatoa daftari, tukaandika majina ya wote kutoka mkono wa kulia mpaka wa kushoto, jina la mtu na la baba yake. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi, maana majina ya Kiiraqw yalitushinda, na mzee wetu ilimbidi atutajie moja moja herufi kwa herufi. Hakuchoka. Alipofika jina lake alisema tuliandike vizuri, kwani lile la kalenda hakulipata. Picha hiyo tumewapelekea nakala, na nakala yetu iko ukutani ofisini, majina chini yake.

Kamati imekubali mambo haya, nasi twayaleta kwenu:

1. Kila mwanachama atazame picha alizonazo nyumbani, khasa za mavuno, za kuanika na za kuchambua. Aandike nyuma, kwa kalamu ya risasi ili wino usipenye, jina la kila aliyemo, la baba yake, mahali na mwaka. Asiyejua amuulize mzee aliye hai, na amuulize mwaka huu.

2. Wenye picha katika simu wasizitegemee simu. Simu huanguka kisimani na huibiwa. Leteni ofisini zihifadhiwe, pamoja na majina.

3. Mgeni anayetaka kupiga picha katika makonde ya wanachama apite ofisini kwanza. Ataandika jina lake katika daftari, ataombwa ruhusa za watu anaotaka kuwapiga, na ataahidi kutupa nakala. Picha itakayotumika kuuzia bidhaa itazungumzwa kwanza na mwenye uso wake.

4. Jarida hili halitachapisha tena picha ya mchumaji bila ya jina lake, ila mwenyewe akikataa kutajwa. Na mkiona tumesahau, tuandikieni mtusute.

Watatokea watakaosema kuwa haya hayaongezi bei ya karafuu hata senti moja. Kweli, bei hatujui. Lakini wanunuzi wa leo huuliza karafuu imetoka wapi, imechumwa na nani na kuanikwa vipi, na sisi tumekuwa tukiwajibu kwa picha isiyo na jina. Na hata wasingaliuliza, wako watoto watakaokuja ofisini siku moja kuulizia picha ya mama yao. Twataka siku hiyo tukifungua kabati tuikute.

Daftari la picha limekwisha kununuliwa na liko mezani kwa karani, kila siku ya kazi, asubuhi mpaka adhuhuri. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa ajili ya yule bibi. Watoto wake wameahidi kutuazima ile picha ya pakiti tuipige nakala, na jina lake lote tumekwisha kuliandika chini.

Wabillahi tawfiq.